Pikipiki ya Majini Kwenye Migomba

Mwalimu wa kwaya alikuwa na desturi ya kuiamkia mashine kabla ya kuinunua. Ukimpeleka palipo na kitu kibovu, iwe cherehani, redio ya zamani au bomba la kupulizia dawa ya kahawa, anakizunguka kwanza mikono ikiwa nyuma, halafu anainama na kukiambia shikamoo. Watu walicheka. Yeye aliwajibu kwamba kitu kilichofanya kazi miaka yote hiyo mikononi mwa watu wasiokijali kinastahili heshima kuliko baadhi ya wazee wa viti vya mbele kanisani. Nami nilicheka pamoja na wengine, tangu nikiwa mtoto nikimwona akipita mbele ya kibanja chetu, shamba letu la migomba, pale Ihembe na chuma begani. Niliacha kucheka baadaye sana, na habari hiyo huwa naikwepa kila nikianza kumsimulia.

Kwake na kwetu palitenganishwa na mstari wa miti ya mpaka tu. Sisi Wakatoliki, yeye Mlutheri, tena mlokole asiyegusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Kwa kazi alikuwa mnunuzi wa vilivyokufa: ananunua, anafufua, anauza. Ila neno kufa hakulipenda. "Kitu hakifi," alikuwa akisema, "kinanyamaza tu." Basi kutengeneza kwake kulikuwa ni kukibembeleza kitu kiseme tena. Alitegesha sikio kwenye injini kwa namna ileile aliyolitegesha kwa waimbaji, na akiisikia alikuambia hii inalazimishwa besi na yenyewe ni soprano. Mara nyingine alikosea kabisa. Pasi ya umeme ya paroko wetu aliifungua ikiwa na kasoro moja akairudisha ikiwa na mbili, na aliitetea mpaka paroko akaamua kununua nyingine.

Kwaya yake ilimwogopa. Hakuwa na sifa za kugawa ovyo. Mtu akiteremsha sauti, alinyanyua kidole, wote wananyamaza, halafu anasema neno moja: "Umeshuka." Hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mwenye kosa. Kisha: "Anza upya." Tulikuwa tukiyasikia hayo kutoka kwetu wakati tunamenya ndizi, na mama alikuwa akituigizia kidole kile mpaka tunashindwa kushika kisu. Siku moja Mwalimu alimliza mama mmoja wa alto, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya watu. Kesho yake asubuhi alionekana nyumbani kwa mama huyo na pasi ya mkaa aliyoitia mpini mpya. Hakusema kitu kuhusu jana. Aliiweka mlangoni, akauliza habari za migomba, akaondoka.

Hapo ndipo ilipo siri yake. Neno samahani halikumpita kooni. Samahani yake ilikuwa na bisibisi na koleo, na ukiona amekutengenezea kitu bila kumwomba, ujue kuna mahali alikukosea, na pengine wewe mwenyewe hujui ni wapi.

Lakini linapokuja suala la kuuza, alikuwa mkweli mpaka anajiharibia. Hakuuza kitu bila kutaja ugonjwa wake, na alipenda autaje mbele za watu. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua. Fundi mwashi mmoja aliuziwa redio naye mlangoni pa kanisa, ibada imetoka tu, na Mwalimu akatangaza kwa sauti ya kuongozea kwaya kwamba redio hiyo ni nzuri lakini mvua ikinyesha itaongea Kinyarwanda tu. Fundi aliichukua hivyohivyo, na kweli mvua ikinyesha ilihamia Rwanda.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenunua pikipiki ya majini.

Aliikuta Bukoba, nyuma ya hoteli moja ya ufukweni, alikokwenda kutafuta spea za jenereta. Mlinzi alikuwa akianikia sare zake juu yake, na kuku walikuwa wametagia mahali pa kuwekea miguu. Alisema aliiamkia na ikamwitikia, ingawa tulimuuliza mara nyingi iliitikiaje. Ilipanda huku kwetu juu ya fuso lililokuwa likirudi na magunia matupu, imefunikwa turubai, na iliposhushwa watu wote wa mlimani walikuja kuiangalia: kitu chekundu, pua imechongoka, kiti kimechanika, hakina gurudumu hata moja. Kutoka pale Ihembe, maji ya karibu ni kisima cha bondeni ambako akina mama hupanda na ndoo huku wakihema. Akapewa jina la Nuhu. Mzee mmoja alimuuliza kwa upole kama amepewa tarehe ya gharika. Yeye alijibu kwamba ataitengeneza, ataiuza kwa watu wa ziwani, na kitakachopatikana amemwahidi Mungu kuwa ni kinanda cha kwaya.

Jambo la kuchekesha ni kwamba aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na alipokwenda Bukoba alipanga chumba upande usioonyesha ziwa. Lakini pikipiki ile aliipenda. Aliiegesha upenuni, migomba imeizunguka, na jioni alikaa juu yake kama mtu aliyepanda farasi, akiandika nota za nyimbo mpya kwenye goti. Injini ilikuwa imeganda kwa kutu na mchanga. Aliiloweka oili, akasubiri, akaizungusha kidogokidogo, akasafisha kabureta, akabadili plagi, na siku moja tukasikia kikohozi upande wa pili wa miti ya mpaka, kisha mlio mkali uliowakimbiza mbuzi. Mlio ulikatika upesi. Mashine ile hupozwa na maji inayojivutia yenyewe ikiwa ziwani, na bila maji inaungua. Ilikuwa kiangazi, na kisima kimepungua.

Akaja kwa mama kuazima mtumbwi.

Nisieleweke vibaya, kwetu hakuna wa kuvua samaki. Ni obwato, gogo refu lililochongwa ndani, ambamo ndizi mbivu hukanyagwa na nyasi mpaka zitoe maji ya kupikia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Huo wa kwetu ulichongwa na babu, na ulikuwa mali ya ukoo; baba alipofariki ulibaki uani kwa mama, pamoja na kibanja, huku baba mkubwa akivitazama vyote viwili kwa jicho refu. Rubisi ya mama ilisifiwa mpaka Kayanga, na wajuzi walisema siyo ndizi zake, ni mti wa ule mtumbwi. Mti umekunywa rubisi tangu enzi za babu, na kila rubisi mpya inapata kitu kwa zile zilizotangulia. Ndiyo maana mtumbwi hauoshwi kwa sabuni. Unasuuzwa kwa maji, unafunikwa kwa majani ya mgomba, basi. Kila mnywaji anajua hivyo. Mwalimu wa kwaya hakuwa mnywaji.

Aliomba kitu kirefu cha kushika maji, akasema pipa linachemka upesi lakini kwenye mtumbwi maji yanapata mahali pa kutembea na kupoa. Mama alimpa. Nadhani alimpa kwa sababu alizoea kumpa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na kwaya nzima kutuimbia usiku wa msiba wa baba ingawa hatukuwa wa kanisa lake. Hakumuuliza baba mkubwa, na kwa mila alipaswa kumuuliza. Basi mpira mmoja ukanyonya maji kutoka mtumbwini kwenda kwenye injini, na mwingine ukayarudisha humohumo, yakiwa ya moto, yamechanganyika na moshi na oili iliyochomwa na petroli. Siku ile injini iliimba. Watu waliosikia wanasema alivua kofia.

Alipomaliza alifanya lililo jema kwa kadiri ya ujuzi wake. Aliusugua mtumbwi kwa sabuni ya unga, akaurudisha umetakata kama sahani ya mgeni. Mama hakuwepo, alikuwa sokoni Omurushaka, na aliporudi aliukuta mahali pake umefunikwa. Juma lilelile akapikia rubisi ya posa yangu.

Wageni walitoka upande wa Muleba, wafanyabiashara, watu wa heshima. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nikichungulia pazia. Mwalimu alikuwepo kama jirani, na soda yake, kiatu chake kinang'aa. Mwenye pombe huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba yuko salama. Ndiyo desturi, na kila mtu anajua inazuia nini. Mama akashika mrija, akavuta. Niliona shingo yake ikisimama. Angeweza kusema hapohapo kwamba rubisi imeharibika. Alimeza, akapitisha kibuyu kwa mshenga. Mshenga akavuta, akageuka pembeni, akatema kwenye leso yake, na leso akaikunja taratibu akaiweka mfukoni. Halafu akaulaza mrija chini.

Harufu ilikuwa imeshatoka, ndogo, tamu kidogo, na pale uani palikuwa na mtu mmoja aliyeijua harufu hiyo kuliko wote, kwa sababu aliinuka nayo asubuhi na kulala nayo. Nilimwona Mwalimu akiinua kichwa. Nilimwona akiangalia kibuyu, akamwangalia mama, akaiangalia soda yake. Mdomo ukafunguka. Kisha akafanya alichokuwa akifanya kila mara mambo yakimzidi: akaanzisha wimbo. Alisimama akaimba pambio la kumshukuru Mungu, peke yake, sauti yake nzuri ile, na wageni wakapata nafasi ya kuinuka kwa adabu, wakavaa makoti yao, wakaondoka bila kugusa chakula.

Posa ikafa, na hilo silo ninalolililia. Niliolewa baadaye, Bugomora huku, na mtu mwema. Ninachokililia ni jina la mama. Mwanamke mjane, rubisi imeonjwa na mgeni akatema, yeye mwenyewe ameimeza kwa shida: huku kwetu watu hawahitaji maelezo zaidi. Hawakusema sumu. Walianza tu kuwa wameshiba kila wakija kwake. Kibuyu chake kikipita msibani, mirija ilikuwa mifupi ghafla. Aliyekuwa akisifiwa mpaka Kayanga akawa anapika kidogo, kisha kwa ajili yake mwenyewe, kisha akaacha.

Mvua za kwanza ziliponyesha niliukuta mtumbwi uani umejaa maji, na juu ya maji rangi zile za mafuta zinatembea, bluu na zambarau. Nikatumbukiza kidole, nikanusa. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimwambia twende kwa Mwalimu sasa hivi, aje aseme mbele za watu. Akasema, "Akisema, baba yako mkubwa atauliza nani aliutoa mtumbwi wa ukoo. Nitajibu nini? Atachukua mtumbwi, na kibanja kitafuata." Akaumwaga ule mtumbwi, akaupindua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi wawili ndio tukawa kata.

Pikipiki iliuzwa kwa mtu wa Bukoba anayewazungusha watu ziwani siku za sikukuu. Mwalimu alimtajia magonjwa yake yote, hata kwamba kiti si chake cha kwanza. Kinanda kikaja, na Jumapili kilisikika mpaka kwetu.

Baada ya hapo alianza kututengenezea vitu. Kwanza taa, kisha kitasa, kisha paa la jiko, kisha mashine ya kukoboa kahawa aliyoileta mwenyewe hatujamwomba. Kila alipokuja alikaa kidogo, akakohoa, akaanza, "Mama, ule mtumbwi," na mama alimkatiza papo hapo: Mwalimu, huu mlango unagoma. Mwalimu, nitazamie hii redio. Naye alipewa kitu mkononi akakiinamia, na maneno yakarudi tumboni. Yeye alidhani mama hajui, na kwamba anajaribu kumwambia jambo jipya. Mama alijua, na alikuwa akiliziba. Mwanzoni niliwahurumia wote wawili. Baadaye, niseme ukweli, nilizoea. Nilipohamia Bugomora nilikuwa nikimtumia hata vya kwangu: pampu ya mume wangu, cherehani, simu. Alitengeneza vyote na hakunidai, nami nilijua kwa nini hadai, nikaendelea kutuma.

Mama alipofariki, mambo yangeweza kunyooka. Pale kaburini baba mkubwa aliuliza, kama inavyoulizwa kila msiba, kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, ajitokeze kabla udongo haujarudi. Wengi waliokuwepo hawakuwa wamekula kwetu. Walikuja na chapati zao kwenye mifuko. Nikamwona Mwalimu akisogea mbele, kofia mkononi. Ameshazeeka. Alivuta pumzi kama anavyovuta kabla ya ubeti. Niliona kabisa kwamba safari hii atasema, mbele ya kijiji kizima, na mama atazikwa akiwa msafi.

Nilimuwahi. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba Mwalimu amekuja kumwimbia jirani yake.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, ambaye kibanja kilikuwa kinamwangukia yeye, ili baba mkubwa asipate pa kushika. Labda ni kweli. Labda pia nilishindwa kuvumilia watu wajue kwamba sisi wenyewe tulinyamaza. Mwalimu alinitazama kitambo. Halafu akaimba. Katikati ya ubeti wa pili sauti yake ilikatika, na waombolezaji wakampokea, wakidhani ni majonzi.

Mwaka huu nikasikia amepata kiharusi na binti yake amemchukua Kibingo. Kutoka kwangu siyo mbali, lakini nilikawia sana kwenda. Nilimkuta barazani. Mkono wa kulia umelala mapajani, sauti imebaki ya kunong'ona. Binti yake alinisogezea kigoda, na nilipokaa niliona kimepigiliwa mto mwekundu uliochanika. Ni kile kiti cha ile pikipiki, alikibadilisha kabla ya kuiuza na hakukitupa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida. Tukazungumza habari za mvua na mnyauko wa migomba. Kisha akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "ule mtumbwi."

Nilitazama huku na huku. Ni mazoea. Nilikuwa natafuta kitu kibovu cha kumpa, na hakikuwepo, na hata kingekuwepo, mkono wake usingekishika. Basi nikamwacha aseme. Alisema yote, polepole, neno na pumzi, neno na pumzi: maji, mipira miwili, sabuni ya unga, leso ya mshenga. Alisema kwamba aliposimama siku ile alikuwa anasimama ili aseme, na wimbo ukatoka badala yake. Alipofika mwisho alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Nikamwambia, "Mama alijua, Mwalimu. Alijua tangu mvua za kwanza."

Alifumbua macho. "Na wewe?"

"Nami."

Ndani binti yake alikuwa akiosha vyombo.

"Mlijua," akasema, "mkaniacha niimbe."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Nilifikiria zile safari zake zote na kisanduku cha vifaa, jua na mvua, pampu zangu na cherehani zangu. Nilifikiria chapati za waombolezaji. Yeye alikosa kwa kutojua, akanyamaza kwa woga wa siku moja, na sisi tukaushika woga wake tukautumia miaka. Nilimwomba anisamehe. Akainua mkono wa kushoto kidogo, nusu ya kusamehe na nusu ya kuniambia ninyamaze, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine alilotaka.

"Sikuwahi kuionja," akanong'ona. "Nilichoharibu sikijui. Niambie, rubisi ya mama yako ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Nilikuwa nimeinywa tangu utotoni, nilikuwa nikilamba majani yaliyoifunika. Nikaitafuta, na kila nilipoitafuta kilichokuja ulimini kilikuwa petroli, lile tone moja la kidole kwenye maji ya mvua. Mtumbwi wenyewe siku hizi ng'ombe wa mdogo wangu wananywea maji. Hakuna mahali pa kwenda kuuliza. Na yeye alikuwa ananisubiri, sikio lake amelitegesha upande wangu kama zamani.

"Ilikuwa tamu," nikasema.

Akanyanyua kidole cha mkono ule mzima.

"Umeshuka," akasema.

Nikaanza upya, nikamwambia kwamba sikumbuki.